Wasia wa Bi Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba, wanapiga hodi na kuzika wafu wao, palikuwa na nchi kando ya mto iliyoitwa Kandoni. Sogeeni, wanangu. Hadithi hii si ya kuchekesha sana, ingawa mtacheka kidogo. Nimeilainisha nilivyoweza, panapobaki pagumu mtapatafuna wenyewe.

Huko Kandoni palikuwa na ghala kubwa la udongo, mlango wake wa mbao za mninga. Kila mavuno, kila mnyama alipeleka mtama ghalani. Mwenye kingi alipeleka kingi, mwenye kidogo alipeleka kidogo. Mtama ule haukuwa wa kuuza. Ulikuwa wa mgonjwa asiyeweza kulima, wa mjane, wa yatima, na wa mwaka ambao mvua imekataa. Wakaliita Ghala la Wanyonge.

Ufunguo wa ghala alikuwa nao Jumbe Kiboko.

Jumbe Kiboko alikaa mtoni, maji mpaka puani. Ukiwa na shida unakwenda ukingoni, unasimama, unasema. Yeye anatikisa vile visikio vyake vidogo, tiki, tiki. Ukimaliza anafungua mdomo, pango zima! Anasema neno moja tu:

"Linashughulikiwa."

Halafu anazama. Bwuuu! Yanabaki mapovu.

Daraja likivunjika: linashughulikiwa. Maji ya kisima yakinuka: linashughulikiwa. Watoto wa Kandoni walilijua neno hilo kabla ya kujua jina la baba. Na wanyama wakubwa walipolisikia walijibu nini? Walijibu, "Haya." Wakarudi nyumbani.

Sasa alikuwako mama mmoja, Bi Nguchiro. Nguchiro mnamjua, yule mnyama mdogo, mrefu, mwepesi wa miguu, anayeweza kumzungusha nyoka mpaka nyoka akajifunga fundo. Mumewe alichukuliwa na maji siku daraja lilipovunjika, daraja lile lililokuwa likishughulikiwa. Akabaki na mtoto mmoja wa kike, Zawena.

Zawena akaugua. Homa ilimkamata wakati wa kupanda, na mama yake hakushika jembe. Angemwacha na nani? Homa ikaja ikaondoka, lakini ilipoondoka iliacha mbavu na macho. Mtoto hakuwa na ugonjwa tena. Alikuwa na njaa, na kikohozi cha njaa. Kho, kho. Kho, kho. Ni uji tu uliotakiwa. Na ndani hamkuwa na hata punje.

"Mama, na leo tunakunywa maji?" aliuliza Zawena.

"Leo nakwenda ghalani, mwanangu. Si ndiyo kazi yake ghala?"

Akaenda mtoni.

"Shikamoo, Jumbe!"

Tiki, tiki. "Marahaba. Nani huyo? Sikuoni, u mdogo mno."

"Ni mimi Nguchiro, mjane wa kule kichakani. Mwanangu anakufa kwa njaa, Jumbe. Nimepeleka mtama ghalani kila mavuno, mimi na marehemu mume wangu. Naomba vibaba viwili tu."

"Umeandika? Umeleta shahidi? Umepitia kwa nani?"

"Nimepitia hapa kwenye tope, Jumbe. Njia nyingine siijui."

Jumbe Kiboko akapiga mwayo. Bi Nguchiro akaona magego yake, na kati ya magego akaona kitu cheupe kimenasa. Makapi ya mtama! Akayakodolea macho.

"Suala lako," alisema Jumbe, "linashughulikiwa."

Bwuuu!

Bi Nguchiro alisimama pale akitazama mapovu. Kisha akageuka, pu, pu, pu, mpaka kwa jirani yake Nyati. Nyati alikuwa amelala barazani, pembe zake kama nira mbili.

"Hodi, Bwana Nyati!"

"Karibu, jirani. Mgonjwa hajambo?"

"Hajambo la kusema tu. Bwana Nyati, ghala halifunguliwi. Jumbe anakula mtama wetu. Nimeyaona makapi kwenye meno yake."

"Sss! Punguza sauti, mama."

"Nipunguze ya nini? Wewe una pembe. Twende wote tukamuulize."

Nyati akajikuna sikio. "Tukamuulize, halafu?"

"Halafu ajibu!"

"Na akishajibu? Jirani, wakubwa ndivyo walivyo. Tangu babu yangu. Tutafanyaje sisi?"

"Basi nipe kibaba kimoja cha kwako."

"Ningekupa, wallahi. Lakini mimi nimeshatoa. Si tumepeleka ghalani wote?" Akatikisa kichwa kwa huruma, na huruma yake ilikuwa ya kweli. "Pole sana, mama Zawena."

Akaenda kwa Ngiri. Ngiri alikuwa na meno ya kuchimba mizizi ya mwaka mzima.

"Pole," alisema Ngiri. "Mungu ndiye mpaji."

"Mungu alishatoa, Bwana Ngiri. Alitoa mvua, tukavuna. Sasa naulizia kilichovunwa."

"Ah, hayo sasa ni siasa. Pole, dada."

Akaenda kwa Bi Kanga, shoga yake, yule mwenye madoa na domo lisilo na pazia.

"Kekekeke! Shoga, nimesikia! Kila mtu amesikia! Pole, pole, pole, maskini Zawena! Jana tumemzungumzia mpaka ugali ukaungua."

"Ule ulioungua uko wapi?"

"Tumeshawapa vifaranga, shoga."

Basi Bi Nguchiro akarudi kwake amebeba pole. Wanangu, pole ni neno zuri, tusilidharau. Lakini jaribuni kulikoroga kwenye sufuria mwone kama litaganda.

Akakaa kizingitini. Zawena alikuwa ndani. Kho, kho. Bi Nguchiro akafikiri, na alipokuwa akifikiri akamkumbuka mzee Nungunungu.

Mzee Nungunungu alipokuwa hai, paa lake lilivuja. Alikwenda nyumba hata nyumba akiomba mtu wa kumsaidia kuezeka. Pole, mzee, pole. Akanyeshewa, akapata kichomi, akafa. Ila kabla ya kufa aliacha wasia: azikwe juu kabisa ya kilima, miguu ielekee mashariki. Lo! Kandoni nzima ilitoka! Waliokosa nafasi ya kupanda juu ya paa lake walimpandisha juu ya kilima, wanatweta, wanaanguka, wanainuka. Hakuna aliyesema tutafanyaje. Maana Kandoni walikuwa na sheria moja waliyoiheshimu kuliko zote: wasia wa marehemu hauvunjwi. Mzima akisema, ni kelele. Marehemu akisema, ni amri.

"Kumbe," alisema Bi Nguchiro peke yake, "hapa kwetu ni lazima ufe ndipo usikike."

Akainuka. Akasema tena, polepole, "Basi nitakufa."

Alichofanya baadaye ni uongo, na uongo ni dhambi. Siwasimulii ili muusifu. Yeye mwenyewe alijua. Aliingia ndani, akampapasa mwanawe kichwa, akasema moyoni, "Ee Mungu, nisamehe, na huyu usiniandikie machozi yake." Hakumwambia kitu Zawena. Mtoto hawezi kulia kwa uongo, angejua, angecheka.

Asubuhi akajilaza kitandani, akamwita Bi Kanga.

"Shoga... nakufa," akasema, sauti kama uzi.

"Kekeke! Usiseme hivyo!"

"Nakufa. Sikiliza wasia wangu. Msinizike kabla hamjanilaza ndani ya Ghala la Wanyonge, juu ya mtama, kwa muda wa dua moja. Mtama ule nimeupeleka kwa kichwa changu. Nataka mgongo wangu uuguse."

"Juu ya mtama, shoga?"

"Juu ya mtama. Na mwanangu... mumpe uji."

Kisha akatoa pumzi ndefu, akakaza miguu, akatulia tuli. Nguchiro akitaka kufa, wanangu, hata nzi anadanganyika.

"Uwiii! Uwiii! Kekekekeke!" Bi Kanga akatoka mbio. "Kandoni, jamani, tumefiwa! Bi Nguchiro ametutoka! Na ameacha wasia!"

Mara nyumba ikajaa. Yule aliyekuwa hana kibaba alikuja na kapu. Aliyekuwa na siasa alikuja na magunia. Unga, maharage, kuni, samli! Masufuria yakainjikwa uani. Bi Nguchiro amelazwa kwenye jeneza la wazi, ndani ya sanda, jicho moja limefumbwa, la pili limefumbwa nusu, anasikiliza.

"Alikuwa jirani mwema," alilia Nyati. "Hooo! Angeniambia tu!"

"Mimi nilikuwa nataka kumpelekea mhogo," alisema Ngiri. "Kesho hii hii."

"Nilimpenda kama pacha," alisema Bi Kanga. "Anadaiwa na mtu? Tumsamehe wote!"

Bi Nguchiro alitamani kucheka, lakini akasikia kitu. Kho, kho. Zawena alikuwa amekalishwa kwenye mkeka pembeni mwa jeneza, ameegemea mguu wa mama yake. Kila mtu anapita, anamshika kichwa, anasema, "Pole, yatima." Harufu ya ugali ilikuwa imejaa uani.

"Mpeni mtoto uji, basi," alisema mmoja.

"We! Mfiwa anakula kabla ya maziko? Umeona wapi? Wasia umesema apewe uji, haukusema lini."

Hilo Bi Nguchiro alilisahau. Hofu humsahaulisha mtu hata mila aliyozaliwa nayo. Kandoni, mfiwa haonji kitu mpaka maiti afukiwe. Vyungu vimejaa, na mtoto amefunga! Akaiuma sanda. Ainuke? Lakini akiinuka sasa, uji utakuwa wa leo tu, na kesho? Akasema, ngoja. Ghala si mbali. Ngoja kidogo.

Na Zawena akalia, si kwa sauti, maana sauti hakuwa nayo. "Mama," alisema, "mama, umeenda bila mimi." Machozi yalidondoka juu ya sanda, na Bi Nguchiro aliyahisi kwenye vidole vya miguu.

Wakainua jeneza. Hao, mpaka ghalani. Nyati mbele, Ngiri nyuma, Zawena amebebwa begani na mtu, kho, kho. Na Jumbe Kiboko alikuwa amekuja, kwa kuwa msiba haukosi Jumbe. Alitoka mtoni anachuruzika, chwa, chwa, chwa, akasimama mbele ya mlango.

"Raia zangu," alisema, "tumempoteza mama shupavu. Nilikuwa naye majuzi tu. Shida yake niliishughulikia mimi mwenyewe."

"Amin," walisema.

"Basi tuzikeni."

"Kuna wasia, Jumbe," alisema Bi Kanga. "Alazwe ghalani, juu ya mtama, muda wa dua moja."

Visikio vya Jumbe vikatikisika, tiki, tiki, tiki, tiki. "Wasia huo," alisema, "unashughulikiwa."

Kwa mara ya kwanza tangu Kandoni iitwe Kandoni, hakuna aliyesema haya.

"Jumbe," alisema Nyati kwa adabu sana, "wasia hausubiri. Maiti atatulaani."

"Ufunguo... ufunguo umemezwa na kambale."

"Basi sogea kidogo, Jumbe. Si mimi, ni marehemu."

Nyati akarudi nyuma, akakwaruza ardhi, kwaru, kwaru. Yule yule aliyesema tutafanyaje! Akainamisha kichwa.

Gbuuu! Mninga ukapasuka. Gbuuu! Mlango ukaanguka ndani, na vumbi likatoka kama moshi.

Wakachungulia.

Hamkuwa na mtama. Palikuwa na utando wa buibui juu, na makapi chini. Ukuta wa nyuma, ulioelekea mtoni, ulikuwa na tundu kubwa la mviringo, kingo zake laini kwa kusuguliwa na tumbo. Kutoka kwenye tundu ilishuka njia yenye nyayo mpaka majini. Na katikati ya ghala palikuwa na rundo la kinyesi, samahani wanangu, nacho kimejaa makapi ya mtama.

Wakaingia, wakalitua jeneza, wakamtua na mtoto juu ya makapi. Bi Nguchiro chini ya sanda akabana pumzi. Sasa, alisema moyoni. Sasa watasema.

"Kumbe," alisema Ngiri.

"Kumbe," alisema Nyati.

"Mimi nilijua," alisema Bi Kanga. "Tangu mavuno ya mwaka juzi, nilijua."

"Hata mimi."

"Nani hakujua? Unapita tu kule nyuma unaliona tundu."

"Sasa?"

"Sasa nini?"

"Aa, nauliza tu."

Jumbe Kiboko akakohoa. "Jambo hili," alisema, "linashughulikiwa."

"Haya," alisema Ngiri. "Mtama haupo, basi wasia umeshindikana wenyewe. Marehemu ataelewa. Tuzike, jua linachoma." Akaanza kuchimba pale pale. Chaku, chaku, chaku.

Msiwacheke upesi, wanangu. Mimi ninayewasimulia, ningekuwapo siku ile, naogopa ningekuwa wa pili kushika jembe.

Bi Nguchiro akasikia udongo unavyotoka. Lakini si udongo uliomtisha. Alikuwa akisikiliza kile kikohozi. Tangu mlango uanguke hakukisikia. Akasikiliza tena. Chaku, chaku. Hakuna kho. Hakuna kho!

Akainuka na sanda yake yote.

"Zawena!"

"Yalaaa!" Ngiri akatumbukia kwenye kaburi alilochimba. Bi Kanga akaruka akagonga mwamba wa paa la ghala. "Mzuka! Amefufuka! Kekekekeke!" Wengine wakalala kifudifudi. Jumbe Kiboko akakimbia, kiboko mzima anakimbia, gudu gudu gudu, mpaka mtoni. Chubwi!

Mtoto alikuwa amelala ubavu juu ya makapi, macho meupe. Bi Nguchiro akamkumbatia. Alikuwa mwepesi kama ganda. Lakini puani mlikuwa na pumzi, pumzi ya kuazima.

Akageuka akawatazama, sanda imemfunika kichwa. Akaona wanatetemeka, akaelewa. Bado wanamwona maiti. Na maiti akisema, ni amri.

"Leteni uji!" alisema.

"Ndiyo, marehemu!" Bi Kanga akaruka, akarudi na chungu kizima kutoka msibani.

"Ngiri! Nani kala ghala?"

"Jumbe, marehemu!" sauti ilitoka kaburini.

"Wote! Nani kala ghala?"

"JUMBE!"

"Nani alikaa kimya?"

Wakatazamana. "Sisi," alisema Nyati, na machozi yakamtoka.

"Basi Nyati, wewe mwenye pembe, nenda mtoni. Mtoe. Aje asimame hapa, mbele ya kinyesi chake, aseme mtama wa mwanangu uko wapi. Na ufunguo mpokonyeni."

"Naenda, marehemu!" Akaenda, na wote nyuma yake. Mngewaona, wanangu! Ardhi ilinguruma. Nyati aliingia majini mpaka kifuani, akainamisha pembe chini ya tumbo la Jumbe, na Jumbe akapiga kelele, "Taratibu! Tuzungumze! Tuunde kamati!" Alikuwa ameshaanza kuinuliwa.

Huku ghalani, Bi Nguchiro amechota uji kwa kidole, anaupaka midomoni mwa mwanawe.

"Kunywa, Zawena. Kunywa, mama."

Zawena akafumbua macho. Akaona sanda. Akafunga mdomo.

"Kunywa, mwanangu."

"Wewe umekufa," alisema Zawena.

"Kunywa kwanza."

"Sinywi. Nikinywa nitabaki." Akamshika mamake kidole kwa kidole chake kilichokuwa kama kijiti. "Nataka kuja huko uliko."

Bi Nguchiro akatazama mtoni. Jumbe alikuwa nusu nje, nusu ndani. Nyati anasukuma, wenzake wanavuta, "Harambee! Harambee!" Wakubwa kwa wadogo, sauti moja, jambo ambalo Kandoni haijapata kuliona. Muda wa dua moja tu, Jumbe angekuwa nchi kavu.

"Zawena, kidogo tu. Tone moja."

"Sitaki. Nakuja." Macho yakaanza kurudi meupe.

Bi Nguchiro akaivua sanda. Akaitupa mbali. Akasema, na alisema kwa nguvu zote, maana mtoto alikuwa anakwenda mbali na sauti ilibidi imfikie:

"Niko hai! Zawena! Mamako hakufa! Nilidanganya! Shika mkono, una joto, ona! Niko hai!"

Mtoto akafumbua macho. Akapapasa ule mkono. Akakunja uso, akaanza kulia, na mdomo ulipofunguka kwa kilio mama akamimina uji. Gu. Gu. Akameza. Kho! Akameza tena.

Na huko mtoni, "Harambee" ikakatika.

"Kasemaje?" aliuliza Ngiri.

"Kasema yuko hai."

"Alidanganya?"

"Alidanganya!"

Nyati akasimama majini, pembe bado ziko chini ya Jumbe. "Kumbe si maiti," alisema. Akazivuta pembe zake taratibu, kama mtu anayetoa mkono kwenye sahani ya wenyewe. "Samahani, Jumbe."

Jumbe Kiboko akatoka mwenyewe, chwa, chwa, chwa. Hakuna aliyemgusa. Akapanda mpaka ghalani, akasimama juu ya makapi.

"Raia zangu! Mmeona mambo haya? Huyu mama ana makosa. Amemdanganya Jumbe. Amesababisha mlango wa umma uvunjwe. Na mtoto wake anakula chakula cha msiba pasipo msiba!"

Hilo la mwisho ndilo lililowachoma.

"Unga wangu!" alipaza sauti Ngiri.

"Samli yangu, jamani! Nimelia mpaka manyoya yamelowa!" alisema Bi Kanga.

"Tumedhalilishwa!"

Bi Nguchiro hakuacha kumnywesha mtoto. Aliposema, alisema bila kuwatazama.

"Ni kweli. Nimesema uongo. Nimewaliza bure, na huyu nimemliza kuliko nyote. Namwomba Mungu anisamehe, na nyinyi nawaomba." Akafuta kidevu cha mtoto. "Mimi nimeungama langu. Nani mwingine ana la kuungama?"

Mto ulisikika. Visikio vya Jumbe vilitulia.



"Afukuzwe," alisema Jumbe.

"Haya," walisema.

Basi akafunga mbeleko, akamweka Zawena mgongoni, akatoka. Wanyama wakampisha njia, kila mmoja akitazama kwato zake. Nyati peke yake alimfuata hatua kidogo. Vipande vya mninga vilikuwa bado vimenasa kwenye pembe zake.

"Jirani," alisema kwa sauti ya chini. "Pole."

"Bwana Nyati," alisema Bi Nguchiro, "kama pole zenu zingepikika, huyu asingeweza kubebeka kwa unene."

Akavuka mto kwa kuruka mawe palipokuwa daraja, akapotea kwenye majani ya ng'ambo. Zawena aliishi. Aliishi ugenini, kwa watu wasiomjua, lakini aliishi.

Na Kandoni? Kesho yake walitoka wote, wakubwa na wadogo, na misumari na mbao mpya. Waliimba. Nyati alibeba nguzo, Ngiri alichimba shimo la fremu, Bi Kanga alisifu kazi. Kabla ya adhuhuri ghala lilikuwa na mlango mzuri kuliko ule wa kwanza, na Jumbe akaufunga kwa ufunguo mbele yao, wakapiga makofi.

Tundu la nyuma hakuna aliyeligusa.

Wanangu, nchi inayomtii maiti na kumpuuza mgonjwa haitamaliza kuzika.